Kila Mtu na Baridi ya Kwao

Kipupwe cha Kibaha hakistahili kuitwa baridi. Umande unakulowesha miguu, upepo wa kusi unakupapasa masikio, jua likipanda kidogo unavua shati. Lakini wakusanye wanaume watano kuuzunguka moto mmoja, utasikia habari za baridi ambazo hata shetani angezikana. Nilianza kuzisikia shambani nikiwa kijana, nikazisikia jeshini, na hadi leo nikienda Kisarawe kwetu nazisikia kwenye hoteli ya chai karibu na boma. Pale yupo bwana mmoja, Salehe, aliyekaa vita vyote ndani ya stoo ya unga Nairobi, na sasa anatusimulia theluji. Theluji yenyewe aliiona kwenye kalenda. Mimi nakunywa chai yangu na kumwacha.

Nakumbuka asubuhi moja kabla ya vita, kwenye shamba la mkonge nje ya Kibaha. Kengele ya kazi ilikuwa haijalia. Tulikuwa tumeuzunguka moto mbele ya kambi ya manamba, yaani wale watu walioletwa kutoka bara kwa mkataba wa kukata mkonge. Mimi sikuwa namba. Nilikuwa Mzaramo wa Kisarawe, Kondo kwa jina, nakuja kukata mkonge nikipenda na kurudi kwetu nikichoka, na mnyapara alinichukia kwa sababu hiyo. Aliyekuwa ananitetea ni Maganga, Mnyamwezi, na alinitetea kwa kunitukana.

"Mwacheni," alimwambia mnyapara. "Mzaramo akifanya kazi siku tatu mfululizo anaugua. Ni maumbile."

Asubuhi hiyo kila mtu alikuwa ameleta baridi ya kwao. Mbena mmoja alisema kwao Njombe, mwezi kama huu, majani huamka meupe kama yamemwagiwa chumvi. Huyo peke yake alikuwa anasema kweli, kwa hiyo hatukumwamini. Mngoni akasema lake. Maganga akawasubiri wamalize, akatema mate motoni.

"Hizo za kwenu ni baridi za watoto. Kwetu Unyamwezini, kipupwe kikivuma, ng'ombe wanabisha hodi ndani."

"Unyamwezini hakuna baridi," nikamwambia. "Kuna vumbi. Mnatetemeka kwa njaa, mnausingizia upepo."

"Na nyie je? Ukungu ukishuka kidogo pale Kisarawe, mnajifungia ndani na ngoma zenu, mnasubiri kufa."

Watu wakacheka, kengele ikalia, tukaenda kukata mkonge. Nimegundua baadaye kwamba baridi ya kwao mtu huongezeka kadiri anavyokuwa mbali na kwao. Angekuwa Tabora, Maganga angelalamikia jua.

Nieleze kitu kimoja, maana nasikia kuna vijana wa siku hizi wanaona aibu ya utani. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu enzi za misafara, babu zao Wanyamwezi walipokuwa wakishuka pwani na mizigo vichwani na kupita katika nchi yetu. Walipigana, wakachoka, wakala pamoja. Tangu hapo Mnyamwezi anaweza kuingia kwangu akafunua chungu bila kuuliza, nami naweza kumwita mbeba mizigo mbele ya mkwewe. Yeye ataniita mcheza ngoma. Hakuna anayekasirika. Anayekasirika ndiye mgonjwa.

Lakini kazi kubwa ya mtani ni msibani. Mama yangu alipofariki, Maganga alikuja kwa miguu kutoka Kibaha hadi Kisarawe. Watu walikuwa wanalia, shehe wetu ameshika kitabu, kaburi liko tayari. Maganga akaruka ndani ya kaburi, akalala chali, akafunga mikono kifuani.

"Bibi huyu alikuwa mchoyo wa pilipili!" akapiga kelele kutoka shimoni. "Nimekula kwake mara nyingi, mdomo haujawaka hata siku moja. Hapa hazikwi mtu mpaka nipewe kuku!"

Shehe alinuna. Shangazi zangu walikuwa wamekaukiwa na machozi mpaka sauti zimekwisha, wakaanza kucheka huku wanalia, wakamletea kuku. Maganga akatoka, akajipangusa udongo, kisha yeye mwenyewe akashika jembe la kwanza la kufukia. Siku ile nilijua kwamba nikiachwa peke yangu duniani, nitazikwa vizuri.

Vita vilipotangazwa, mwenye shamba, ambaye alikuwa Mjerumani, alichukuliwa akafungwa. Akaja bwana mmoja kuandikisha askari. Alikuwa amevaa kaptula, magoti mekundu, anatokwa na jasho. Akasema tunakwenda kumfukuza Mtaliani kutoka Uhabeshi, ni nchi nzuri, ya milima, yenye baridi kidogo, na kila mtu atapewa sweta. Aliitoa sweta moja akaitingisha hewani, nasi tukaitazama kama samaki wanavyotazama chambo.

"Baridi?" akasema Maganga. "Niandike. Niandike na huyu Mzaramo, nikamwone akitetemeka."

Watu wengine waliingia vitani kwa ajili ya Mfalme. Mtani wangu aliingia ili anicheke. Kati ya sababu zote nilizowahi kusikia, yake bado naiona ndiyo ya heshima zaidi.

Sitasimulia safari. Wapo wengi wanaopenda kusimulia safari, hasa waliofika nusu. Tulipanda Uhabeshi wakati wa mvua, na mvua ya kule si masika yetu inayokulowesha kisha inakuacha ukauke. Ile inakuingia mifupani na kukaa. Malori yalinasa kwenye tope, na sweta zote zilikuwa ndani ya malori. Kila askari alikuwa na blanketi moja na kaptula ileile ya pwani.

Afisa wetu, mzungu kijana, alikuwa na koti kubwa la sufu lililofika chini ya magoti. Tulimwita Bwana Kwetu, kwa sababu hakuna hali ya hewa tuliyokutana nayo ambayo kwao haikuwa kali zaidi. Mvua ikinyesha, kwao ilikuwa kubwa kuliko hii. Upepo ukivuma, kwao ulikuwa unang'oa mapaa. Alisema hayo akiwa amesimama ndani ya lile koti, amechomeka mikono mifukoni, nasi tumejipanga mbele yake meno yanagongana.

"Hii si baridi," alituambia kwa Kiswahili chake. "Kwetu mto nageuka mawe. Toto nacheza juu yake."

"Toto zimevaa nini?" Maganga akaninong'oneza.

Ingekuwa ni majivuno tu ningemsamehe. Sisi wote tulikuwa wajivuni; ndiyo ilikuwa michezo yetu shambani. Lakini majivuno ya manamba hayana amri ndani yake. Bwana Kwetu alikuwa na amri. Akiamua kwamba huna baridi, basi huna.

Mimi na Maganga tulikuwa tukilala mgongo kwa mgongo, blanketi moja chini, moja juu. Askari wengi walifanya hivyo. Tulipovuka mto mmoja wa maji ya milimani, Maganga alikuwa amebeba sanduku la risasi kichwani, akateleza, akazama mwili mzima kasoro sanduku. Akatoka akisema mto usio na mamba haufai kuzamia. Siku ya pili yake alianza kukohoa. Nilikijua kikohozi kile. Kilishamchukua baba yangu: kichomi, kinauma ubavuni, mtu anapumua nusunusu. Tangu siku ile sikuwa na vita vingine. Mtaliani alikuwa kazi ya serikali. Kazi yangu ilikuwa ni kumfanya Mnyamwezi huyu apate joto mpaka malori yafike.

Jioni moja tulifika chini ya mlima walipokuwa Wataliani. Ardhi ilikuwa mwamba mtupu, haichimbiki, tukapanga mawe kuwa kinga. Moto ulikatazwa, na hilo lilikuwa sawa. Bombomu yao ya kumimina risasi ilikuwa imetuelekea, na bunduki ile haina haja ya kuuliza mara mbili. Mimi na Maganga tukapanga yetu.

"Kohoa polepole, mbeba mizigo," nikamwambia. "Wataliani watadhani tumeleta mzinga."

"Sogea huku, mcheza ngoma. Mgongo wako wenyewe ni baridi kama chura. Mama yako angekunyima pilipili na wewe."

Bwana Kwetu alikuwa anapita nyuma yetu. Kiswahili alikuwa anakijua kidogo, lakini matusi alikuwa anayajua yote.

"Nini hii? Kila siku matusi! Mpaka mama yake?"

Nikasimama. "Afande, huyu ni mtani wangu."

"Mtani nini?"

Sajenti wetu, Mnyasa mmoja mtu mzima, alijaribu kumweleza kwamba ni desturi ya makabila. Bwana Kwetu akatikisa kichwa. Alikuwa ameshaamua. Alisema watu wanaochukiana namna hii hawawezi kukaa pamoja na bunduki, kesho mmoja atampiga mwenzake kwa nyuma na kusingizia adui. Akanielekeza upande wa pili, nyuma ya nundu ya mwamba. Maganga abaki palepale.

"Afande, ana kifua," nikasema. "Tunalala pamoja kwa ajili ya baridi."

Akacheka. Si kwa ubaya. Alicheka kama mtu mzima anavyomcheka mtoto anayeogopa giza.

"Baridi? Hii? Kwetu..."

Naye akaendelea. Sikumbuki ile ya jioni hiyo ilikuwa mto, au ziwa, au ndege walioanguka kutoka mtini wakiwa wamekauka. Nilikuwa nimeshika bunduki yenye risasi huku nikisikiliza habari za baridi ya Ulaya, na sajenti alikuwa ananitazama mkono.

Nikaliacha blanketi langu kwa Maganga. Akalikunja, akanirushia usoni.

"Chukua tambara lako, Mzaramo. Wewe ndiye utakayekufa. Asubuhi nitakucheka hadi Kibaha."

Ujinga. Nausema wazi kwa kuwa nilimpenda. Majivuno yaleyale ya kwenye moto wa manamba, ya ng'ombe wanaobisha hodi, yalimfanya arudishe blanketi mbele ya mzungu na mbele ya platuni nzima. Sajenti akanisukuma, nikaondoka nalo.

Kuita kulikuwa marufuku, lakini niliita, kwa sauti ya chini, kupitia nundu ile.

"Mbeba mizigo!"

"Mcheza ngoma!"

Mvua ya mawe ikaanguka. Ilipokwisha nikaita tena, naye akajibu, kisha akakohoa muda mrefu. Kisha ukungu ukashuka ukatufunika sote, ikawa haonekani mtu wala jiwe. Nilimwita kila nilipoweza. Jibu lake la mwisho lilikuwa dogo, lakini lilikuwa tusi kamili, halikupungua neno.

Alfajiri niliita.

Kimya.

Nikaita kwa nguvu. Askari wa jirani akaniambia, "Nyamaza, utatuua."

Nikasimama, nikapiga kelele kwa sauti yangu yote. "Mbeba mizigo! Mwana wa vumbi! Jibu!"

Bombomu ikajibu badala yake.

Mawe yalipasuka juu ya kichwa changu. Mtu mmoja alilia nyuma. Nililala kifudifudi, nikatambaa kuizunguka nundu. Risasi zilikuwa zinapita juu, zinagonga mwamba, zinaimba. Sikuogopa. Mtani ambaye hajibu tusi amepatwa na jambo kubwa kuliko bombomu.

Alikuwa amekaa. Bunduki katikati ya magoti, kidevu kifuani. Blanketi lake lilikuwa limelowa kisha likakauka kwa baridi, gumu kama ubao. Nywele zake zilikuwa nyeupe.

Kama zimemwagiwa chumvi.

Nilimfunika kwa blanketi langu. Nikakaa nyuma yake, mgongo kwa mgongo, hata sijui kwa nini, na nikamtukana mpaka bombomu iliponyamaza. Sikuacha kitu. Baba yake, ng'ombe wake, njia yote ya misafara kutoka Tabora hadi pwani. Hakujibu.

Bwana Kwetu alikuja ukungu ulipoanza kuinuka. Uso wake ulikuwa mweupe, na nadhani aliumia kweli, siwezi kumnyima hilo. Akavua koti lake kubwa, akamfunika Maganga. Koti lile lingemfaa jana. Tulipomaliza kupanga maiti, akaja akalichukua tena, akalikung'uta, akalivaa.

Tulichimba kaburi mahali palipokuwa na udongo kidogo, chini ya mlima. Bwana Kwetu alishika kitabu chake. Wenzetu walijipanga. Maiti ilipoletwa nikavunja mstari, nikaruka ndani ya kaburi, nikalala chali.

"Mnyamwezi huyu ni mvivu!" nikasema. "Hata kufa amekufa amekaa! Alisema kwao kuna baridi. Mwongo! Baridi ameijua jana, na siku ya kwanza tu imemshinda! Hazikwi hapa mpaka nipewe kuku!"

Halafu Msukuma mmoja akapasuka kwa kicheko, machozi yanamtiririka. Mwingine akafuata. Msukuma akaingiza mkono mfukoni, akatoa biskuti ya jeshi, ngumu kama kigae, akainama kunipa.

"Kuku ndiye huyu, mtani," akasema. "Tafadhali tuzike."

Nilikuwa nanyoosha mkono kuipokea. Ningetoka. Desturi ilikuwa imetimia, ilibaki nishike jembe la kwanza.

"Toa yeye!" Bwana Kwetu alipiga kelele. "Washenzi! Nacheka juu ya mfu!"

Wakanitoa kwa miguu na mikono. Biskuti ikaanguka ndani. Jembe la kwanza lilishikwa na mtu mwingine, ambaye hata jina la marehemu alikuwa halijui. Mimi nikashikiliwa pembeni kama mwizi wa sokoni, huku mzungu akisoma kwa adabu maneno ambayo Maganga asingeelewa hata moja.

Adhabu yangu ilikuwa kupandisha masanduku ya risasi mlimani, kichwani, mpaka nilipoambiwa basi. Nilipanda na kushuka, shingo inauma, nikamsikia Maganga waziwazi: Mzaramo amekuwa mbeba mizigo. Hiyo angeicheka hadi Kibaha.

Sweta zilifika baadaye. Zilikuwa nzuri, nzito. Zilikuwa zimebaki nyingi.

Miaka imepita. Mwaka jana boma la Kisarawe lilituita sisi tuliopigana, tukanywe chai na bwana mgeni wa serikali aliyekuja kukagua wilaya. Nikamwona akishuka garini, amenenepa, nywele zimekimbia kichwani. Bwana Kwetu. Alifurahi kweli. Akataka kila mtu asimulie baridi ya vita. Salehe wa stoo ya unga akasimama wa kwanza na theluji yake ya kalenda, akapigiwa makofi.

Kisha mzungu akaninyooshea kidole. Kiswahili chake kilikuwa hakijaongezeka.

"Wewe nakumbuka mimi! Wewe na ile mwingine. Kila siku gombana, kila siku matusi. Mimi natenganisha nyinyi, kumbuka? Vizuri sana. Yeye wapi sasa?"

Alikuwa amesahau. Koti, kaburi, yote. Alichobaki nacho ni kwamba aliamua ugomvi.

Watu waliokuwa wanajua habari ile waliweka vikombe chini. Mimi nilikuwa na matusi niliyomwekea kwa miaka yote hiyo, nimeyanoa kama panga la kukatia mkonge. Yalifika mdomoni, na yangeweza kunipeleka gerezani, nami nilikuwa tayari kwenda. Nikamtazama vizuri, shati lake lililopigwa pasi, magoti yake mekundu. Kwetu tusi kama lile hupewa mtu ambaye siku yake ikifika utaruka kaburini mwake. Nikajiuliza kama naweza kuruka kaburini mwa huyu.

Nikavua kofia. "Alikufa, bwana. Ilikuwa baridi."

"O, pole," akasema, na kweli akasikitika. Akanywa chai. "Baridi, ndiyo. Lakini kidogo tu. Kwetu..."

Nilimsikiliza hadi mwisho kwa adabu zote. Nikamshukuru, nikamuaga, nikaondoka. Salehe alinifuata hadi barabarani, akaniuliza kwa nini sikusema kitu. Nikamwambia arudi ndani kwenye theluji yake.

Sasa naishi Misugusugu, na mkonge ule uko jirani. Manamba bado wanakuja kutoka Tabora, na kipupwe kikiingia wanauzunguka moto na kudanganyana. Wakati mwingine nakwenda kukaa nao. Vijana wale hawamjui Maganga, lakini hawachelewi kuniita mcheza ngoma, nami nawajibu.

Wanangu nimewaambia. Nikifa, kabla ya kumwita shehe, mmoja aende mkongeni akamlete Mnyamwezi, yeyote yule. Wamwache alale kaburini aseme atakalo, na kuku awe tayari amefungwa miguu. Na asiwepo mtu wa kumharakisha kutoka.